Nimezaliwa Mombasa, naishi Leicester: nikirudi kula na wenzangu, nijikinge vipi?

"Asalaam aleikum Daktari. Nina miaka 54, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na nimeishi Leicester, Uingereza, tangu 2003. Disemba nataka kwenda nyumbani wiki tatu na binti yangu wa miaka 19, aliyezaliwa huku. Wazazi wangu wameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo safari hii ni ya kuwaona shoga zangu tuliosoma pamoja. Tumeshapanga: asubuhi mahamri na mbaazi, jioni tunatoka, viazi karai, mishkaki, biriani, mihogo ya Lighthouse. Nina kisukari cha aina ya pili na presha. Nameza metformini na gliklazidi za sukari, na losatani ya presha. Mara ya mwisho nilipokwenda, 2014, siku ya tatu tumbo liliniharibikia nikalala siku nne, watu wakanicheka kuwa nimekuwa mzungu. Dawa ya malaria sikumeza na sikuugua. Dada yangu wa Kisauni ananiambia nisijisumbue: damu yangu ni ya pwani, na tena kwenye ukoo wetu kuna wenye selimundu, kwa hivyo malaria hainipati. Muuguzi wa huku anasisitiza nimeze. Nani yuko sawa? Na nitakulaje bila kuugua wala kuwavunjia heshima wenzangu?"

Waaleikum salaam, dadangu. Mungu awarehemu wazazi wako. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeuliza habari ya malaria, ya tumbo na ya sukari, lakini naona lililokukaa moyoni ni lile neno uliloambiwa 2014. Kutamani viazi karai miaka nenda miaka rudi, kisha ukafika ukalazwa kitandani na kuchekwa na wale wale uliowafuata, si jambo dogo. Naanza na malaria kwa sababu ndiyo inayoua. Huo "uzungu" nitaufikia.

Muuguzi wako yuko sawa. Unahitaji dawa ya kuzuia malaria, na binti yako vilevile. Dada yako hakukudanganya, anasema anayoyaona kwake. Kosa ni kudhani kwamba mwili wake na wako bado ni kitu kimoja kwa kuwa mlinyonya ziwa moja.

Kinga ya malaria haizaliwi na mtu wala haikai katika "damu ya pwani". Hujengwa kidogo kidogo, kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka. Kimelea cha malaria kikishaingia kwenye chembe nyekundu za damu, huweka alama zake kwenye ngozi ya chembe hiyo, na alama hizo hakiziachi zikawa zile zile. Ni kama mwizi wa mtaani anayebadilisha kanzu kila baada ya siku chache. Mlinzi aliyekaa mtaa huo tangu utotoni ameshaziona kanzu karibu zote. Mwizi anaweza kuingia, lakini atashikwa kabla hajabomoa nyumba. Ndiyo maana mtu mzima aliyeishi penye malaria nyingi huweza kuwa na vimelea mwilini akahisi mafua tu, au asihisi kitu. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa. Inamzuia kuzidiwa.

Mlinzi huyo lakini anataka mazoezi. Mtu akihama, akakaa asiumwe tena na mbu wenye vimelea, askari wa mwili waliozijua zile kanzu hupungua, na mwili hauzalishi wengine kwa sababu hakuna kinachouchokoza. Kushuka huko huanza mapema, ndani ya miezi, na baada ya miaka michache mtu hawezi tena kuitegemea. Wewe umeondoka 2003. Hata ule ugeni wako wa 2014 haukukuongezea kitu cha maana.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa nyumbani wengi hawalijui. Malaria ya pwani ya Kenya yenyewe si ile tuliyokua nayo. Kilifi, ambako watafiti wamekuwa wakiifuatilia tangu 1989, ilishuka sana miaka ya 2000, na kisiwani Mombasa haikuwahi kuwa kali kama vijiji vya Kwale au kule ziwani Victoria. Hilo ni jema, na ni sehemu ya sababu ya wewe kusalimika 2014: hukuumwa na mbu mwenye vimelea, basi. Lakini maana yake pia ni kwamba yamkini hata dada yako hana kinga nzito kama anavyodhani. Na hatari ndogo si sawa na hakuna hatari. Miongozo ya afya ya wasafiri Uingereza bado inataka dawa kwa maeneo ya Kenya yaliyo chini ya mita 2500, ukiondoa Nairobi, na Mombasa iko usawa wa bahari. Isitoshe, wiki tatu hutakaa Majengo tu. Kutakuwa na harusi Msambweni, au hitima Malindi, mtalala huko.

Ya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu, yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, asiyeugua, kweli hukingika sana na malaria kali. Lakini bado huambukizwa, na bado huugua. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria kwake ni hatari mno. Na kuwa na binamu mwenye selimundu hakukwambii wewe umerithi nini. Kipimo cha damu kinakwambia. Mfanyieni binti yako hata kama si kwa ajili ya safari hii, kwa maana ipo siku ataolewa.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike kwa urefu hivi. Nilipokuwa nafanya kazi katika hospitali moja Uingereza aliletwa mzee wa makamo, mtu wa Kisauni, nadhifu, kofia yake ya vito mkononi. Alikuwa ametoka Mombasa wiki mbili na nusu. Homa ilimwanza Jumatatu, akajua ni mafua ya baridi, akajifunika blanketi na kunywa tangawizi. Ijumaa mkewe aliona macho yamekuwa manjano na maneno hayaelekei. Nilipomuuliza kama alimeza dawa ya kuzuia malaria, alijibu kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto: "Daktari, mimi ni mtu wa huko." Figo zake zilikuwa zimeshaanza kulegea. Alipona, alhamdulillahi, baada ya artesuneti, dawa ya malaria kali, ya mshipani na siku kadhaa chumba cha wagonjwa mahututi. Sehemu kubwa ya wanaoingia Uingereza na malaria ni watu kama yeye na wewe, waliokwenda Afrika kuwaona jamaa na marafiki. Watalii wanameza dawa zao. Sisi tunajiamini.

Dawa ipi basi? Kwa safari kama yako kuna tatu za kuzungumza na mfamasia. Ya atovakwoni na proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kusafiri hadi siku 7 baada ya kurudi. Kwa wiki zenu tatu ni kama vidonge 30 kila mtu. Hiyo ndiyo ningekuchagulia, ila kwanza ujue figo zako zinafanya kazi kiasi gani, jambo ambalo mwenye kisukari na presha anatakiwa kulijua kila mwaka hata asiposafiri. Inatakiwa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauipokei vizuri, na hapo mbaazi za nazi zinakusaidia. Ya pili, doksisaiklini, ni rahisi kwa bei, lakini unaendelea nayo wiki 4 baada ya kurudi, na wengine hubabuka jua likiwapiga. Ya tatu, meflokwini, ni ya mara moja kwa wiki, na haimfai aliyewahi kuwa na kifafa, msongo mzito au ugonjwa wa akili. Huko Uingereza dawa hizi hulipiwa mfukoni, najua, na kwa watu wawili zinauma. Mkishindwa na ya kwanza, doksisaiklini ni bora mara mia kuliko kwenda mikono mitupu. Klorokwini ya enzi za utoto wetu isahau, vimelea vya kwetu viliizoea zamani.

Dawa haiondoi haja ya kujikinga na mbu. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa zile zile mtakazokuwa barazani mkizungumza. Mikono mirefu, mafuta ya kufukuza mbu yenye diiti (DEET) asilimia 50 miguuni hasa, chandarua chenye dawa usiku. Udi ni mzuri kwa nyumba na kwa nguo, lakini mbu haumtishi.

Mchana kuna mbu mwingine, yule mwenye miguu ya madoa meupe, anayeeneza homa ya dengi. Mombasa ilipata milipuko yake 2013 na tena 2017. Anazaa katika maji safi yaliyosimama: pipa, ndoo, mtungi usiofunikwa. Na kwa nini kila nyumba Mombasa ina mapipa? Kwa sababu mfereji hauaminiki. Maji ya mji huu hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na hayawatoshi watu waliopo. Wiki mbili hayatoki, wiki ya tatu yanatoka saa tisa za usiku. Watu wanajaza kila chombo, au wananunua ya mkokoteni, au wanavuta ya kisima, na visima vya kisiwani vingi viko jirani na vyoo vya shimo. Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza: ukipata homa ukiwa huko, teremsha kwa parasetamoli pekee, usiguse aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi zitakuzidishia kuvuja damu. La pili ni tumbo lako.

Kilichokupata 2014 hakikuwa uzungu, wala chakula cha nyumbani hakikukukataa. Utumbo una kinga yake wenyewe, tabaka la askari wanaoandamana na ute na kuvizuia vijidudu visijishikize ukutani. Kama ya malaria, kinga hiyo huishi kwa kuchokozwa. Wenzako wanavimeza vijidudu hivyo kidogo kidogo kila wiki na matumbo yao yanavifahamu. Wewe kwa miaka umekunywa maji ya bomba la Leicester. Siku ya kwanza ukakutana navyo kwa wingi, na siku ya tatu yakakufika. Kinachosababisha mara nyingi ni aina ya bakteria iitwayo E. coli yenye sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanyonya. Angechukuliwa shoga yako mmoja akapelekwa Bangkok wiki moja, yangempata yale yale. Mwambie hivyo.

Sasa chakula. Watu wengi wanaotoka nje hujipangia kula hotelini tu na kukwepa karai la njiani. Mimi nakwambia karai la njiani, likiwa linachemka, ni salama kuliko meza ya hoteli yenye vyombo ishirini vilivyo vuguvugu tangu adhuhuri. Kiazi kilichotoka kwenye mafuta mbele ya macho yako hakina kijidudu hai. Mishkaki iliyotoka kwenye makaa, imeiva hadi ndani, vilevile. Hatari imekaa pembeni ya sahani. Tuvitazame viazi karai kwa karibu. Kiazi chenyewe kimepikwa mara mbili, kimechemshwa kisha kikakaangwa. Halafu mchuuzi anatumbukiza kijiko katika ndoo ya chatini. Chatini ya ukwaju imezimuliwa kwa maji, na hujui ni maji gani. Chatini ya nazi imesagwa asubuhi, nazi mbichi, haikupita motoni, imekaa juani hadi jioni, na kijiko kile kile kimeingia na kutoka mara mia. Hapo ndipo unapougulia. Mihogo ya Lighthouse inayotiwa ndimu iliyokatwa papo hapo na pilipili ya unga haina shida hiyo, na kwangu mimi ndiyo tamu zaidi, upepo wa bahari ukiwa usoni.

Watu hunambia pilipili inaua vijidudu, ndimu inaua vijidudu. Haziviui vya kutosha. Wala barafu haiviui, inavihifadhi. Dafu likikatwa mbele yako ukanywa kwa kulipindua mdomoni, bismillah. Dafu lile lile likimiminwa kwenye jagi lenye barafu limeshaharibika. Kachumbari ya nyumbani kwa mtu unayemjua anayeosha kwa maji yaliyochemshwa, kula. Ya mkahawani, pisha wiki hii ya kwanza. Biriani na pilau uzile saa zinapopakuliwa. Wali uliolala nje usiku kucha una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na sumu yake haivunjiki hata uupashe moto hadi uungue. Utatapika ndani ya saa chache. Jodari aliyekaa bila barafu naye ana sumu ya namna hiyo hiyo, akikuwasha ulimi, mwache. Na mnapokula sinia moja, sabuni kwa kila mkono kabla ya tonge la kwanza, si maji ya kumwagiwa tu kwenye vidole.

Ukifanya yote haya bado unaweza kuhara, nisikudanganye. Yakikupata, kazi ya kwanza ni kurudisha maji mwilini: pakiti za maji ya chumvi na sukari zinazouzwa madukani, au utengeneze, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Najua mwenye kisukari akisikia sukari anashtuka. Usiiondoe. Mlango wa utumbo unaopitisha chumvi hufunguliwa na sukari, na maji hufuata chumvi. Kunywa kidogo kidogo, pima sukari yako kila baada ya saa chache, inatosha.

Kazi ya pili ndiyo ninayotaka uikate uiweke kwenye pochi, kwa sababu wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Siku unayohara au kutapika kiasi cha kukauka, metformini na losatani husimamishwa kwa muda. Losatani hulegeza mishipa inayolishia figo presha yake, na mwili ukiwa umekauka figo zinaweza kuzimika. Metformini hutolewa na figo hizo hizo, zikisimama inajikusanya na kuitia damu asidi. Gliklazidi hata usipokula inaendelea kuteremsha sukari. Unazirudia ukishakula na kunywa sawasawa siku moja au mbili. Siku 4 ulizolala 2014, ulizimeza zote? Ninakuuliza kwa sababu wengi humeza, tena kwa bidii, wakidhani ndiyo kujitunza. Kabla ya kusafiri mwombe daktari wako wa Leicester akuandikie kwa mkono wake dawa ipi usimamishe na lini. Ukija kushauriwa siku za mbele uongeze insulini, hiyo haiachwi.

Usikimbilie Flagyl. Kwetu ndiyo dawa ya kila tumbo, lakini haimgusi yule bakteria niliyemtaja. Na ukienda kupimwa ukaambiwa papo hapo una "malaria na typhoid" kwa kipimo kimoja cha damu cha haraka, tulia. Kile kipimo cha typhoid kinachotumika sana, cha Widal, huwasingizia wengi ugonjwa wasio nao, hasa waliochanjwa. Typhoid hujulikana kwa damu iliyooteshwa maabara.

Kuhusu chanjo nitakuwa mfupi. Binti yako anahitaji ya homa ya ini aina ya A, na nyote wawili ya typhoid, ambayo ya sindano hulinda kama miaka 3. Wewe homa hiyo ya ini yamkini uliipata utotoni Majengo bila kujua, na tofauti na malaria, kinga yake hukaa maisha. Mkifikiria kuvuka hadi Unguja mkitokea Kenya, mtadaiwa cheti cha homa ya manjano.

Tuje kwenye sukari yako. Si kweli kwamba chakula cha Mombasa ni adui wa kisukari. Mbaazi ni chakula kizuri mno, zinasagika polepole na zina nyuzinyuzi, na samaki wa kupaka haiipandishi sukari. Kinachoipandisha ni hamri, wali, kaimati zilizochovywa shira, na sharubati. Kula mbaazi kwanza, hamri moja mwisho badala ya tatu mwanzo. Kwenye sinia anza na samaki au nyama na mboga, wali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda. Kisha mtembee dakika 10 hadi 15 mara tu baada ya kula, vichochoro vya Mji wa Kale hadi Ngomeni na kurudi, kwa kuwa misuli ikifanya kazi inanyonya sukari bila kungoja insulini. Madafu yana sukari, moja kwa siku yatosha.

Ninachokihofia zaidi kwako ni sukari kushuka. Shoga zako watasema tukutane saa mbili usiku. Mmoja atakuwa amekwama feri ya Likoni, mwingine anamalizia kuswali, biriani itafika saa nne. Ikiwa gliklazidi yako ni ya mara mbili kwa siku, imeze chakula kikiwa mbele yako, usiimeze ukiwa unatoka nyumbani. Ikiwa ni ile ya asubuhi inayotoka polepole, beba kitu cha kutafuna. Mikono ikianza kutetemeka, jasho la baridi, maneno yakikwama, pima. Chini ya 4 (mmol/L), kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, subiri dakika 15, pima tena. Mwambie angalau mmoja wao dalili hizi. Joto la Disemba hupita nyuzi 30 na huharibu vijiti vya kupimia, visikae kwenye gari. Dawa zote zisafiri mkononi.

Na heshima? Kwetu kukataa chakula ni kukataa mtu, hilo silipingi. Lakini heshima ya mpishi iko katika kuonja na kusifu zaidi ya kumaliza. Waambie mapema, kabla hujapanda ndege, kwa simu, kwa sauti yako: nina sukari, sharubati sinywi, barafu sitaki, mengine yote nileteeni. Jambo lililosemwa mapema halimvunji mtu uso. Linalovunja ni kukunja pua sahani ikishawekwa. Na nina hakika kati yao wako wenye kisukari na presha, umri wenu ndio huo. Utashangaa nani atakwambia, "Afadhali umesema wewe."

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi, ukiona damu kwenye choo, ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitapika kila unachokunywa, ukikaa saa 8 bila mkojo, sukari ikipita 15 ikakataa kushuka, au ukiwa na maumivu makali ya tumbo na fizi zinazotoa damu. Mombasa ina Coast General na hospitali kadhaa binafsi zinazoweza kukuhudumia. Jua bima yako inakubaliwa ipi kabla ya kuugua. Kama mfamasia au daktari wako atakuwa na maoni tofauti na yangu kuhusu dawa za malaria baada ya kuona vipimo vya figo zako, mfuate yeye, mimi sijakuona.

Kisha mtarudi Leicester Januari, baridi kali, kila mtu ana mafua. Homa yoyote kuanzia siku 7 baada ya kukanyaga Mombasa, hasa miezi 3 ya kwanza na hata mwaka mzima, wewe au binti yako, hata kama mlimeza dawa zote bila kukosa, ni malaria hadi kipimo kiseme sivyo. Msijifunike blanketi. Piga simu saa hiyo, na sentensi ya kwanza, kabla hujaulizwa jina, iwe: nimetoka Kenya, nataka kupimwa malaria leo. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa bado ipo, kirudiwe kesho yake, na kesho kutwa.